Jina Lililolazwa Kwenye Zeze

Mtu akiniuliza neno zeze maana yake nini, nakasirika kabla hajamaliza kuuliza. Sijifichi. Wanangu wanajua, na wajukuu watundu huniuliza makusudi ili wanione ninavyofura. Zeze ni zeze. Mwalimu wetu wa madrasa pale Nyangamara alisema neno hilo limetoka Uarabuni, lakini kwake yeye hata muhogo ulitoka Uarabuni. Fundi seremala wa misheni alisema ni sauti yake tu, ze-ze, ze-ze, na akacheka peke yake. Mzee mmoja wa upande wa baba alisema chombo hicho kilikuwepo kabla watu hawajajua kulima, na kitu cha zamani namna hiyo hakiulizwi maana, kinasalimiwa. Mimi najua maana ya jina la zeze moja tu, lile la mjomba wangu, na nililiona likibebwa na karani wa boma huku nimejibana pua kwa vidole viwili.

Mjomba ndiye aliyetulea mimi na kaka yangu na mdogo wetu wa kike. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Ndiye anayempeleka jandoni au unyagoni, ndiye anayesema neno la mwisho siku ya posa, na akifa, mpwa wake mkubwa hurithi jina lake na kukaa pahali pake. Baba yangu alikuwa mtu mwema aliyekuja kuoa na kulima, lakini kwenye shauri la ukoo alikaa pembeni akimenya mbaazi kama mgeni. Mjomba alikuwa mkali. Alinichapa nilipopoteza jembe, na siku hiyo hiyo alinibeba mgongoni kuvuka kijito. Mimi ukali nimeurithi kwake, na huo hakuna karani aliyeweza kuuchukua.

Zeze lake lilikuwa ubao mwembamba wa mninga, urefu wa mkono wa mtu mzima, umechongwa meno matatu kwenye ncha moja, na chini yake kimefungwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Nyuzi zake mbili alizisokota mwenyewe pajani kwa katani. Alipiga kwa kutembea. Kibuyu alikiegemeza kifuani, akawa anakibana na kukiachia, na sauti ikawa inazibwa na kuzibuka. Alipokwenda Kiswere kununua samaki wakavu, ng'onda, tulimsikia anarudi kabla ya kumwona, na bibi, mama yake, alibandika sufuria ya ugali kwa kufuata sauti ile. Ubao ulikuwa umekuwa mweusi kwa jasho lake pale mkono unaposhika, na kibuyu kiling'aa upande ule unaogusa kifua.

Vita vikaja. Jumbe alitakiwa atoe vijana, akatoa wale aliowaona hawatamsumbua, na kaka yangu akawa mmoja wao. Mjomba alikwenda kwa miguu mpaka Lindi kubishana na watu wa boma, akaambiwa arudi kesho, akarudi kesho, akaambiwa lori limeshaondoka. Kaka akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, kupigana na Wajapani. Mjomba akarudi nyumbani na kikohozi ambacho hakikumwacha, na masika ya pili tukamzika.

Sasa kwetu jina la mtu mzima haliachwi hivi hivi. Mrithi akiwa yupo, hupewa siku ya arobaini. Mrithi akiwa mbali, jina hulazwa kwenye kitu cha marehemu, limngoje mwenyewe. Wazee walibishana asubuhi nzima. Mmoja alitaka jembe, mwingine kofia. Bibi akasema jembe lilikaa begani na kofia ilikaa kichwani, lakini zeze lilikaa kifuani, basi jina lilazwe kwenye zeze. Mwalimu wa madrasa alikunja uso na kusema mambo hayo hayapendezi, kisha akala pilau ya arobaini sahani mbili. Zeze likatundikwa kwenye kigingi cha ukuta wa chumba cha mbele, na tangu siku hiyo halikuitwa tena zeze ndani ya nyumba ile. Liliitwa kwa jina la mjomba. Asubuhi tulimwamkia, "Shikamoo mjomba," na bibi, akiwa amelala vizuri, alimwitikia mwanawe: "Marahaba."

Mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu. Kaka angerudi, wazee wangekaa, angepewa zeze lile mkononi, angelipiga mara moja mbele yao, na jina lingetoka ubaoni likaingia mwilini mwake. Kuanzia hapo angekuwa mjomba wa wanetu, na neno lake lingekuwa neno. Bila zeze lile asingepata kitu. Angebaki kuwa kijana hata akiota mvi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na ndilo lililotumaliza. Kitu cha mtu ambaye jina lake limelazwa hakichukuliwi ovyo, lakini mwenyewe anaweza kuombwa. Anayetaka shoka lake, au korosho za mkorosho wake, huchutama mbele ya kigingi, huweka kiganja cha kulia chini, humwita kwa jina na kusema haja yake mara tatu. Uzi ukilia wenyewe, au kuku akipita katikati, au mtu yeyote ndani ya nyumba akipiga chafya, amekataa. Kukiwa kimya mara zote tatu, ameridhia. Na hakuna anayeruhusiwa kumzuia mtu asiombe, kwa sababu huwezi kumsemea mtu ambaye yupo. Tuliomba hivyo shoka, tuliomba mbegu za choroko, na mara moja mama yangu mdogo aliomba kigoda cha mjomba akakataliwa na kuku.

Bwana Shauri, afisa wa boma la Lindi, alikuja asubuhi moja, wakati wa kupepeta mtama. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo iliyobabuka kwa jua, na alikuwa na maradhi ya kukusanya vitu vya watu: mitego, vipini vya visu, vijiko vya mti. Karani wake alikuwa mtoto wa kijiji cha jirani. Nataka hili lieleweke. Hakuwa mgeni wa kutoka mbali asiyejua mila zetu. Aliingia jando mwaka mmoja na kaka yangu, alikula muhogo wa kuchoma kwenye nyumba yetu ile ile, na mjomba alimfundisha kutega kwale. Sasa alivaa kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu, na kalamu imesimama mfukoni.

Mimi nilikuwa uani na ungo. Mama mdogo alinisukuma ndani, nyuma ya mlango wa chumba cha mbele, vumbi la makapi limenijaa usoni. "Wewe mwari mzima," aliniambia, "usije ukatuaibisha mbele ya wageni. Nisikusikie hata kupumua."

Mzungu aliliona zeze kupitia mlangoni, macho yakamtoka. Akauliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "Hiki kinaitwaje?" Bibi akalitaja jina la mjomba. Karani akacheka kidogo, akasema, "Bibi, anauliza chombo." Bibi akasema, "Zeze." Mzungu akatoa daftari. "Zeze. Na maana ya jina hilo ni nini?"

Bibi hakuwa mtu wa kukatisha maneno. Alimweleza yote. Alisema maana yake ni mwanawe wa kwanza, aliyekwenda kubishana boma kwa ajili ya mpwa wake akarudi na kikohozi. Kwamba amelazwa hapo, anamngoja kijana aliyepelekwa Bama na serikali hiyo hiyo. Na kwamba kijana akirudi watakuwa mtu mmoja. Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. Karani akamgeukia Mzungu akatafsiri. Maneno yote yale ya bibi yakawa kama matatu ya Kizungu. Mzungu akaandika kitu kifupi, akauliza kama anaweza kulichukua. Bibi akasema haliwezi kuchukuliwa, lina mtu.

Na Mzungu akavaa kofia yake. Nalisema hili kwa kutenda haki, si kwa kupenda: yule Mzungu alikuwa anaondoka. Alishashuka barazani. Hasira yangu kwake ni kubwa, lakini mguu wake nje niliuona.

Karani ndiye aliyebaki. Akamwambia bibi kwa lugha yetu ya nyumbani, ile ambayo bwana wake haijui, "Bibi, mimi ni mtoto wenu. Hamwezi kunikataza kumwomba mwenyewe."

Bibi alimtazama. Kisha akajibu jibu ambalo mtu yeyote wa kwetu angejibu, na ambalo mpaka leo linanichoma roho. "Hatuwezi," akasema. "Muombe."

Akachutama, soksi zake zikamteremka. Akaweka kiganja chini. Akamwita mjomba kwa jina lake, kwa adabu zote, hakuruka hata neno moja. Akasema anaomba ampeleke Lindi akakae kwa bwana mkubwa, pahali pa heshima, ndani ya kabati la kioo. Kimya.

Akaomba mara ya pili. Kuku wetu mwekundu alikuwa anakuja moja kwa moja, amepandisha mguu kizingitini, hatua mbili tu apite katikati. Mama mdogo akamfukuza, "Shh!", kwa mkono. Hakufanya kwa ubaya. Kuku kuingia chumbani mbele ya wageni ni aibu, na sisi tulikuwa watu tunaoogopa aibu kuliko hasara. Kimya.

Akaomba mara ya tatu. Hapo ndipo lile vumbi la mtama lilinifika. Nilisikia chafya inapanda, kubwa, ya haki kabisa, sikuitafuta wala kuiita. Mtu mwingine angesema ni makapi. Mimi najua ni nani aliyekuwa anataka kusema. Na mimi, mwari mzima niliyefundwa, niliyeambiwa nisisikike hata kupumua, nikajibana pua kwa vidole viwili na kuziba mdomo kwa kiganja mpaka machozi yakanitoka. Ikashuka. Kimya.

Karani akanyanyuka, akasema, "Ameridhia," akalitoa zeze kigingini. Uzi mmoja uligusa kifungo cha shati lake ukalia, lakini ulikuwa umeshachelewa. Bwana Shauri alifurahi kupita kiasi. Alimpa bibi blanketi la kijivu. Bibi hakujifunika blanketi lile hata siku moja. Kuku walitagia humo.

Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba nyumba nzima ilitulia. Bibi alisema mwanawe amependa mwenyewe kusafiri, alikuwa mtu wa kutembea tangu zamani. Mama mdogo alisema huenda huko Lindi ataonana na kaka mapema. Walikuwa na jibu lao, limetoka kwa mwenyewe, limekamilika mara tatu. Mimi peke yangu nilijua kwamba mjomba alikataa, na kwamba kukataa kwake kulikwama katika pua yangu. Sikusema. Nilikula, nikatwanga, nikachota maji, na kila karani huyo alipopita njiani nilitamani nimtwange yeye.

Vita vikaisha, kaka akarudi. Alishuka kwenye lori la katani njia panda, akaja kwa miguu na begi la turubai, na kabla hajaketi, kabla hajanywa maji, aliingia chumba cha mbele. Nilisimama nyuma yake. Alitazama kigingi. Akapitisha mkono ukutani pale kibuyu kilipokuwa kikigusa, palikuwa na alama ya duara.

"Yuko wapi?" akauliza.

Bibi akamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo nililijua litakuja. "Na hapakuwa na mtu aliyepiga chafya?"

"Hapana," bibi akasema.

Alinitazama na mimi, kwa sababu anajua nikipepeta mtama huwa sikomi kupiga chafya. Nikainamisha uso.

Alikwenda Lindi. Bwana Shauri alikuwa ameshahamishwa na masanduku yake yote, wengine wakasema Dar es Salaam, wengine Ulaya. Kijana wa dawatini pale boma alimfungulia jalada ili kumwondoa. Kaka alikuwa amejifunza kusoma jeshini, akalisoma mwenyewe, na maneno yale alinirudilia mara nyingi hata nikayashika kama sura ya msahafu: Zeze. Ala ya nyuzi ya wenyeji, ya zamani sana. Maana ya jina haijulikani.

Haijulikani! Mwanamke mzee alikaa barazani kwake akawaambia maana, mwanzo mpaka mwisho, bila kukohoa. Waliiuliza wenyewe, wakajibiwa wenyewe, kisha wakaandika haijulikani. Wangeandika tumeiba nisingekuwa na hasira kiasi hiki. Kijana wa dawatini akamwambia kaka, "Si mnazitengeneza wenyewe hizi? Tengeneza nyingine."

Wazee nao wakakaa, na wao pia sitawasamehe. Walisema jina liliombwa, likaridhia, likaondoka. Haliwezi kuitwa lirudi kwenye ubao mwingine. Labda zeze lenyewe lirudi. Basi kaka akabaki na jina lake la utotoni. Kwenye mashauri alikaa nyuma, pamoja na vijana wasioota ndevu, yeye aliyezika wenzake Bama. Mdogo wetu wa mwisho alipoposwa, walimleta mjomba wa mbali kutoka Kikole, mtu ambaye hakumjua binti hata kwa sura, akakaa kwenye mkeka akasema neno. Kaka alichinja mbuzi, akapasua kuni, akabeba maji ya wageni. Mjomba yule wa mbali aliposimama kutoa ruhusa, nilimwona kaka anafunga kamba ya mbuzi ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Mwaka ule ule alianza kuchonga zeze jipya, la kwake, kwa mninga. Siku moja nilikaa naye, nikamshikia katani anapoisokota, na nikamwambia. Nilimwambia yote: ungo, vumbi, mama mdogo, vidole viwili. Aliendelea kusokota. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alikuja jikoni, akasimama mlangoni, akasema, "Ungepiga tu, dada." Hakulitaja tena mpaka kufa kwake. Sikuwahi kuambiwa neno lililoniumiza kuliko hilo, na yeye ndiye mtu pekee niliyeshindwa kumkasirikia.

Alilipiga zeze lake miaka kadhaa, akitembea, kama mjomba. Wanangu walimsikia kabla ya kumwona. Kisha akaugua tumbo, akafa kabla ya uhuru, katika mavuno ya korosho.

Hakuwa na jina la mjomba, lakini lake alikuwa nalo, na hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Mrithi wake alikuwa mwanangu mkubwa, naye alikuwa shuleni mbali, asingefika mpaka likizo. Jina likalazwa. Safari hii hakuna aliyebishana. Likatundikwa zeze lake kwenye kigingi kile kile. Bibi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye nikawa naitikia marahaba.

Na karani akaja kuhani. Alikuja wiki moja baada ya arobaini, amenenepa, ana baiskeli yenye taa na mwavuli mweusi. Sasa alikuwa mkubwa huko boma, na watu walimpisha. Alisoma Fatiha vizuri, alilia machozi ya kweli, akasimulia walivyotega kwale wakiwa watoto. Nilimpa maji. Nilijiambia labda mtu hubadilika. Kisha macho yake yakapanda ukutani yakatua.

"Hili nalo zuri," akasema. "Bwana wetu mpya anapenda sana ala za zamani. Naomba nimuombe."

Mama mdogo, mzee sasa, alinitazama. Nilijua anachofikiri: hatuwezi kumzuia. Kweli, hatuwezi. Nikaketi pembeni ya mlango, nikajifunika kanga vizuri, nikaweka mikono yote miwili magotini, mbali na pua.

Akachutama kwa shida, maana tumbo lilikuwa kubwa. Akaweka kiganja chini. Akamwita kaka yangu kwa jina lake. Hakumaliza haja yake ya kwanza. Nilipiga chafya mpaka kuku wakaruka uani, mpaka mwavuli wake ukaanguka. Kisha nikapiga nyingine, nikapiga na ya tatu, ili asije akasema hakusikia.

Alinigeukia. Alijua. Mtu aliyeijua mila vizuri kiasi cha kutuibia kwayo hawezi kukosa kuijua chafya ya kughushi. Lakini mila haiulizi chafya imetoka wapi. Alinyanyuka, akapangusa magoti, akachukua mwavuli wake, na mama mdogo akamwambia kwa upole wake wote, "Amekataa, mwanangu. Pole."

Mwanangu alifika likizo, akalipokea mikononi, akalipiga mara moja mbele ya wazee, vibaya sana. Tangu siku hiyo, mwanangu nikamwita kaka.